NURU, UKUNGU NA MACHIMBO YALIYOACHWA: MAONI JUU YA KUFUNDISHA SANAA KATIKA MAZINGIRA YETU

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la shule moja ya msingi wilayani Kisarawe, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha somo la sanaa. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Julai, na kichwa cha somo kilikuwa "Mandhari". Mwanachuo alichora ubaoni nyumba yenye paa la pembe tatu, jua lenye miali kumi na miwili, na mlima ambao haupo katika wilaya ile. Watoto wakanakili. Nje ya madirisha, bonde lote la chini ya shule lilikuwa limejaa ukungu mweupe, minazi ikichomoza juu yake kana kwamba imepandwa katika maziwa, na jua lilikuwa linaanza kupenya kwa mistari mirefu. Mtoto mmoja aligeuza shingo kutazama. Mwanachuo akamwambia, "Tazama ubaoni."

Hatumlaumu mwanachuo huyo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, shabaha zake zilikuwa wazi, na sisi wakufunzi ndio tuliolitia saini. Kosa ni letu. Tumewafundisha walimu wetu kwamba sanaa ni kitu kinachotoka ubaoni na kuingia daftarini, na kwamba mazingira ni kitu cha kutajwa katika utangulizi wa somo kisha kuachwa mlangoni. Katika makala haya twapenda kutoa maoni kwamba nuru na ukungu, vitu viwili ambavyo shule yoyote ya Pwani huvipata bila kununua, vyaweza kuwa zana za kufundishia sanaa na sayansi kwa pamoja. Na kwamba mahali pafaapo zaidi kwa kazi hiyo ni ardhi iliyochimbwa, ikaachwa, na ambayo sasa yahitaji kurudishiwa uhai.

Sanaa ya ukungu ni nini?

Huenda baadhi ya wasomaji watashangaa kusikia kwamba ukungu waweza kuwa sanaa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Fujiko Nakaya, msanii wa Japani aliyezaliwa mwaka 1933. Baba yake, Ukichiro Nakaya, alikuwa mwanasayansi, naye ndiye wa kwanza kutengeneza chembe za theluji katika maabara, mwaka 1936. Binti alirithi macho ya baba, lakini aliyaelekeza kwenye sanaa. Katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika Osaka mwaka 1970 alifunika jengo zima kwa ukungu. Alitaka ukungu wa maji matupu, usio na kemikali, ambao mtu angeweza kutembea ndani yake na kuuvuta bila madhara. Kwa msaada wa mwanafizikia wa Marekani, Thomas Mee, maji yalisukumwa kwa nguvu nyingi katika matundu membamba mno hadi yakatoka kama matone ambayo upana wake haukuzidi sana sehemu ya mia ya milimita.

Kazi yake nyingine yatuhusu zaidi sisi walimu. Huko Tachikawa, karibu na Tokyo, palikuwa na uwanja wa ndege za kijeshi uliokaliwa na majeshi ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Ardhi hiyo ilirudishwa kwa Wajapani mwaka 1977, na sehemu yake ikafanywa bustani ya watu wote iliyofunguliwa mwaka 1983. Ndani ya bustani hiyo, katika sehemu iliyotengwa kwa ajili ya watoto, Nakaya alitengeneza msitu wa ukungu mwaka 1992. Watoto huingia, hupotea kidogo, husikia sauti za wenzao bila kuwaona, kisha upepo huvuma na miale ya jua huonekana kati ya miti. Mahali palipokuwa pa vita pamekuwa pa mchezo. Hakuna sanamu ya shujaa wala maandishi marefu. Ni maji, hewa na nuru tu.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili ni la Wajapani peke yao. Taifa letu lenyewe lilianza na kazi ya nuru iliyowekwa juu ya mawingu. Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru hadi kilele cha Kilimanjaro. Watu waliokuwa mabondeni hawakuuona kwa macho, lakini waliuona kwa fikra, na tangu hapo moto ule umetembezwa wilaya kwa wilaya. Mwaka 2025 mbio zake zilizinduliwa hapa Kibaha. Mwalimu anayesema kwamba nuru si sanaa ya hadhara na ajiulize kwa nini wanafunzi wake husimama barabarani saa nzima wakingoja mwali mmoja upite.

Ardhi yetu na majeraha yake

Kibaha na Kisarawe ni jirani wa Dar es Salaam, na ujirani huo una gharama. Jiji linapojenga, mchanga, kokoto na kifusi hutoka kwa majirani. Jiji linapopika, mkaa hutoka kwa majirani. Katika vilima vya Pugu kuna udongo mweupe wa kaolini, ufaao kwa vyombo vya kufinyanga, na njia za chini ya ardhi zilizoachwa na wachimbaji wake zimekuwa makao ya popo ambao hutoka kwa makundi makubwa jua linapotua. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1950, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, nayo imekatwa miti na kumegwa kwa muda mrefu. Na kando ya barabara nyingi za wilaya hizi mbili yapo mashimo ambayo hayana jina wala mwenyewe: kilima kilikuwapo, malori yakaja, kilima kikaondoka.

Mashimo ya namna hii hujaa maji ya mvua, huzaa mbu, kingo zake huporomoka, na huweza kuua mtoto. Hayo ni madhara ya mwili. Lakini yapo madhara mengine ambayo hayasemwi katika mikutano. Mtoto anayekua kando ya shimo huzoea kuona kwamba nchi yake ni kitu cha kuchukuliwa na wengine. Hujifunza somo hilo kila siku, bila mwalimu, na hulifaulu vizuri.

Kwamba ardhi iliyochimbwa yaweza kurudishiwa uhai si ndoto. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe lenye maji ya chumvi karibu na uso wake. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo. Miti mingi ilikufa. Mvinje ulistahimili. Tatizo likawa kwamba majani ya mvinje yalidondoka na kulundikana bila kuoza, ndipo wakaletwa majongoo wekundu ambao waliyala na kuyageuza kuwa udongo. Mwaka 1984 watu walifunguliwa njia za kutembea humo, na leo mahali hapo pana msitu, mabwawa na wanyama. Twapenda kila mwanachuo alijue jambo hili la jongoo, maana ndani yake mna falsafa nzima ya ualimu: kazi kubwa ilifanywa na kiumbe mdogo aliyepelekwa mahali panapomfaa, akaachiwa muda.

Kosa letu la kwanza

Sasa tueleze yaliyotupata tulipojaribu. Baada ya somo lile la Julai tuliamua, pamoja na wanachuo wachache, kufanya jaribio katika shimo moja la mchanga lililoachwa, karibu na shule nyingine. Tulikuwa tumesoma juu ya ukungu wa Osaka, tukatamani kuuiga. Kwa kuwa wakulima wa huku hutumia mabomba ya kupulizia mikorosho, tulinunua bomba jipya ambalo halijawahi kutiwa dawa, tukajaza maji safi, tukapuliza hewani mbele ya wanafunzi ili waone upinde wa mvua. Upinde ulionekana, na watoto walishangilia.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alisimama akatutazama. Kisha akasema kwa upole, "Walimu wangu, maji haya sisi tunayafuata tangu alfajiri. Ninyi mnayarusha ili yapendeze?" Hakungoja jibu, akaenda zake.

Tulilizima bomba. Twakiri kwamba hatukuwa na jibu, na hatuna hata leo. Tulikuwa tumefanya kile kile tunachowakataza wanachuo: tulichukua umbo la jambo la kigeni tukaliacha wazo lake. Umbo lake lilikuwa mashine na maji yanayosukumwa. Wazo lake lilikuwa kuwafanya watu waione hewa ya mahali pao. Mahali ambapo ndoo ya maji ina bei ya mgongo wa mama, sanaa inayomwaga maji ni matusi, hata kama ni nzuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulimleta mgeni bila kumwuliza mwenyeji anaumwa nini.

Namna tulivyofundisha baadaye

Tulirudi kwa njia nyingine, na ndiyo tunayoipendekeza kwa walimu. Tutaieleza kwa hatua ili iweze kujaribiwa.

Hatua ya kwanza ni ya darasani. Madirisha yanafunikwa kwa mikeka au magunia, unaachwa upenyo mmoja upande wa jua. Mwanga unaingia, lakini ndani ya hewa hauonekani. Unaonekana tu unapogonga ukuta. Mwalimu anakung'uta kifutio cha ubao karibu na upenyo, mbali na nyuso za watoto. Mara moja mhimili wa nuru unasimama chumbani. Watoto wanaulizwa: mhimili huu umetoka wapi? Ulikuwapo kabla ya vumbi? Wakishaeleza wenyewe kwamba nuru huonekana njiani pale tu inapogonga chembe na kutawanyika kuja machoni, wamejifunza fizikia ambayo hawataisahau, na wamejifunza pia jinsi msanii anavyofanya kazi: hakuumba nuru, aliipa kitu cha kuigonga.

Hatua ya pili ni ya kutazama. Kwa wiki mbili, katika miezi ya Juni hadi Agosti, kila mwanafunzi anaandika asubuhi, njiani kuja shule, mahali alipouona ukungu na mahali ambapo haukuwapo. Darasani wanachora ramani moja kubwa. Wanafunzi wetu waligundua kwamba ukungu hulala mabondeni na mashimoni, hasa baada ya usiku usio na mawingu wala upepo. Hapo mwalimu anaeleza sababu: ardhi hupoteza joto usiku, hewa iliyo karibu nayo hupoa, hewa baridi huwa nzito na kuteremka chini, na mvuke uliomo hugeuka matone. Shule zilizo jirani na bonde la mto Ruvu, upande wa Kibaha, zina nafasi njema sana kwa hatua hii.

Hatua ya tatu ni ya kuuliza. Wanafunzi wanatumwa kwa wazee kuuliza shimo lile lilikuwa nini kabla ya kuchimbwa. Mzee mmoja alituambia kwamba palikuwa na kilima chenye mikorosho ya baba yake, na kutoka juu yake waliona moshi wa garimoshi. Aliwaonyesha watoto kwa fimbo yake kilima kilipoanzia na kilipoishia. Ramani ya ukungu ikapata mstari mwingine, mstari wa kilima kisichopo.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe. Kwanza mwalimu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, hulikagua shimo, hupata ruhusa ya mwenye ardhi, na huweka kamba ili mtoto yeyote asikaribie kingo wala maji. Kisha, asubuhi ya ukungu, watoto husimama mahali salama kwa kuufuata mstari ule wa kilima, kila mmoja akiwa na kioo kidogo au kifuniko cha kopo kilichosuguliwa. Jua linapopanda, wanalirudisha kwenye ukungu ulio chini. Ni lazima wafundishwe kwamba jua halitazamwi moja kwa moja, wala kioo hakielekezwi machoni mwa mtu. Wazazi walialikwa wakasimama upande wa pili. Kwa muda usiofika nusu saa waliona kilima chao kimechorwa upya kwa vimulimuli vya nuru, na chini yake mihimili myeupe ikiingia katika ukungu. Kisha jua likapata nguvu, ukungu ukainuka, na likabaki shimo.

Hatukutoa hotuba. Yule mzee alibaki amesimama muda mrefu baada ya watoto kurudi darasani.

Siku iliyofuata watoto walichora. Hapakuwa na nyumba ya paa la pembe tatu hata moja. Mmoja aliacha karatasi yake karibu nyeupe yote, ila mstari mmoja wa mkaa juu na duara dogo la fimbo pembeni. Mwanachuo aliuliza kama ampe alama, kwa kuwa "hakuchora kitu". Tulijadiliana naye saa nzima, na mjadala ule ulimfaa kuliko mihadhara yetu ya muhula mzima.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi ukungu. Ni kweli. Lakini mtihani unauliza hali ya hewa, mvuke, nuru, ramani na insha, na hayo yote yamo katika kazi hii. Isitoshe, mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 unasisitiza umahiri, yaani kile mwanafunzi anachoweza kukifanya, wala si kile alichokariri tu. Mwalimu asiyetoka nje ya darasa hana namna ya kuupima umahiri huo.

Wengine watasema kwamba hii ni anasa, na kwamba shimo lahitaji miti, si vioo. Twakubali kwamba lahitaji miti. Tulipanda miche na wanafunzi, na katika kiangazi cha kwanza zaidi ya nusu ilikauka; tukapanda tena. Lakini tumeona pia jinsi kazi ya kupanda miti shuleni inavyogeuzwa kuwa adhabu ya wachelewaji. Elimu ya Kujitegemea, ilivyotangazwa mwaka 1967, haikukusudia jembe liwe fimbo. Mtoto aliyekwisha kukiona kilima katika nuru hupanda mche kwa sababu. Mtoto aliyeadhibiwa hupanda mche ili aondoke. Miche hiyo miwili, ijapokuwa ni ya mti mmoja, haitunzwi sawasawa.

Wa tatu watasema kwamba mwalimu wa sanaa asiingilie sayansi, na wa sayansi asiingilie sanaa. Hao twawaelekeza Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipoanza mradi wao pale kwa pamoja na serikali yetu, shule, huduma ya afya na mafunzo ya wakulima viliwekwa mahali pamoja ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini kwa wakati mmoja, na mwaka 1970 vyote vilikabidhiwa kwa Tanzania. Ikiwa hospitali na shamba viliweza kukaa na shule, nuru ya fizikia na nuru ya mchoraji haziwezi kushindwa kukaa katika kipindi kimoja.

Hatuna budi kusema ukweli juu ya matokeo. Shimo lile lilikuwa limependekezwa kufanywa jalala. Hatudai kwamba asubuhi moja ya vioo ilibadili mawazo ya kijiji. Tulipoondoka jambo lilikuwa bado linabishaniwa. Lakini katika mkutano uliofuata mzazi mmoja alisimama akauliza swali ambalo, kwa maelezo ya wenyeji, halikuwahi kuulizwa hapo: "Kilima hiki kilipochukuliwa, nani aliulizwa?" Swali hilo halikutoka kwetu. Lilitoka kwa mtoto wake, ambaye aliliuliza nyumbani usiku wa siku ile.

Kwa hiyo ombi letu kwa wakufunzi wenzetu ni dogo. Mwanachuo anapoleta andalio la somo la sanaa, tusilitie saini kabla hajatuambia nje ya dirisha la darasa lake kuna nini. Kama kuna ukungu, na aufundishe ukungu. Kama kuna shimo, na alifundishe shimo, pamoja na kilichokuwapo kabla yake na kinachoweza kuwapo baadaye. Na mtoto atakapogeuza shingo kutazama nje, mwalimu asimwite arudi ubaoni. Amwulize ameona nini.